Muuaji Aliyesubiri Makofi

Ukimwambia mtu kwamba Abraham Lincoln aliuawa na mwigizaji, mara nyingi humjia picha ya msanii aliyefulia: mlevi, mwenye wivu, aliyeukosa umaarufu jukwaani akaamua kuutafuta kwa bastola. Picha hiyo inatufariji, ila si ya kweli. John Wilkes Booth alikuwa staa hasa. Alikuwa na miaka 26, mzuri wa sura, mwenye jina na pesa, na usiku wa Aprili 14, 1865, njia ya kumfikia rais ilimfungukia kwa sababu hiyo hiyo. Ukumbi wa Ford's mjini Washington ulikuwa kama kwake. Hata barua zake zilipokelewa pale. Alimwonyesha mhudumu wa rais kadi yake, mhudumu akamwachia apite. Nani angemzuia Booth ndani ya jumba la maonyesho?

Wanaopenda njama wana mengi ya kuchambua katika kisa hiki, na siwakatazi. Mimi kinachonishika ni mtu mwenyewe, na nyumba aliyotoka.

Marekani ilimjua baba yake kwanza. Junius Brutus Booth, mzaliwa wa London, alikuwa bingwa wa Shakespeare, na alipocheza Richard III watu walisahau kupumua. Alivuka bahari mwaka 1821 na msichana muuza maua aitwaye Mary Ann Holmes, akamwacha mke wa ndoa Ulaya. Kwa Mary Ann alipata watoto 10. John, wa 9, alizaliwa Mei 10, 1838, shambani karibu na mji wa Bel Air, jimbo la Maryland. Miaka ikapita, yule mke wa kwanza akavuka naye, akafika Baltimore kudai haki yake, talaka ikatoka, na wazazi wakafunga ndoa rasmi Mei 10, 1851. Siku hiyo John alikuwa anatimiza miaka 13. Kijana wa umri huo, katika mji ambao kila jirani ana habari zako, hujifunza mapema kuishi huku akitazamwa.

Mzee alikuwa na akili kubwa iliyokuwa ikimponyoka. Alikunywa kupita kiasi. Shambani kwake alikataza kuua mnyama yeyote, na safari moja huko Louisville alimwita kasisi amsaidie kuwafanyia mazishi njiwa waliouawa na wawindaji. Mwana wa pili wa kiume kati ya waliokua, Edwin, alitolewa shule akiwa kijana mdogo ili asafiri na baba, amlinde na chupa, amrudishe hotelini, ahakikishe anafika jukwaani. Na mwaka 1835 mzee huyo alimwandikia Rais Andrew Jackson barua ya kumtishia kwamba atamkata koo akiwa amelala. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya kughushi, lakini wataalamu waliochunguza mwandiko wamethibitisha kwamba ni yake. Hakuna aliyemkamata. Ilikuwa ndiyo hivyo, Booth na wazimu wake.

Tena yatazameni majina. Junius Brutus ni jina la Mrumi wa kale aliyewafukuza wafalme. John Wilkes ni jina la mbunge wa Uingereza aliyepambana na mfalme na mawaziri wake, na familia ilijihesabu kuwa na undugu naye wa mbali. Nyumba ile iliwavika watoto vita dhidi ya madikteta tangu siku ya kupewa jina.

John alipanda jukwaani mara ya kwanza Baltimore mwaka 1855, ana miaka 17, katika Richard III. Alikuwa na haraka na hakuwa na maandalizi. Miaka miwili baadaye alijiunga na kundi moja la Philadelphia, akajiita J. B. Wilkes ili asilitie doa jina la baba kama mambo yakiharibika. Na yaliharibika kweli. Usiku mmoja alitakiwa amwambie mwanamke mkuu wa mchezo, "Bibi, mimi ni Petruchio Pandolfo." Ulimi ukagoma. "Bibi, mimi ni Pandolfio Pet... Pedolfio Pat... Pantuchio Ped..." Akakwama, akalaani, akauliza kwa sauti mbele ya ukumbi mzima, "Hivi mimi ni nani?" Watu wakavunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao. Nampenda katika tukio hili kuliko jingine lolote, nakiri, kwa sababu ndipo peke yake ninapomwona akicheka juu ya nafsi yake.

Richmond, Virginia, ndiko alikojipata. Alifanya kazi huko kuanzia 1858, na Kusini ilimpokea alivyotaka kupokelewa: kama bwana mdogo wa ukoo mzuri. Uigizaji wake haukuwa wa utulivu kama wa Edwin. Ulikuwa wa mwili. Aliruka kutoka majukwaa ya juu kuingia kwenye onyesho, alipigana kwa upanga mpaka wenzake wakaomba apunguze, na mwigizaji mmoja wa kike aliyefanya naye kazi alisimulia kwamba baada ya kucheza Richard III Booth alilala amejibandika minofu ya nyama mbichi au chaza ili kutuliza michubuko. Mwaka 1860 huko Georgia meneja wake alimpiga risasi ya paja kwa bahati mbaya. Mwaka uliofuata, Albany, aliangukia jambia lake mwenyewe jukwaani, na mwaka huo huo mwigizaji wa kike aliyekuwa na uhusiano naye alimshambulia kwa kisu. Wanaosema alikosa kazi waangalie hesabu yake: kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akiingiza dola 20,000 kwa mwaka.

Jambo moja la Richmond halikumtoka. Mwaka 1859 John Brown, mzungu mzee mwenye imani kali, alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry akitaka watumwa wapate bunduki na wajikomboe. Akashindwa, akahukumiwa kunyongwa. Booth aliacha kazi, akajipenyeza katika kikosi cha mgambo kilichokuwa kinaondoka kwa treni, akapata sare, na Desemba 2 alikuwa miongoni mwa askari waliopangwa karibu na kitanzi. Alichukia kila alichopigania Brown, lakini akatoka pale akimsifia ujasiri kwa miaka yote iliyobaki. Alikuwa ameona mtu mmoja akitikisa nchi nzima kwa tendo moja, na amekufa akitazamwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, kati ya Kaskazini ya Lincoln na majimbo ya Kusini yaliyojitenga kulinda utumwa, shujaa huyu wa jukwaani hakwenda. Alimwahidi mama yake hatakuwa askari, na akatimiza. Wenzake walikuwa wakikatwa miguu Virginia, yeye akipigiwa makofi Boston na Chicago na miji mingine ya Kaskazini aliyoichukia. Mwisho wa 1864 alimwandikia mama kwamba ameanza kujiona mwoga na kuidharau nafsi yake. Naamini hakuwa anaigiza hapo. Mwaka huo pia alipoteza maelfu ya dola katika biashara ya mafuta huko Pennsylvania, na sauti ilikuwa inamsumbua. Wanahistoria wengi hushika hayo mawili kama ufunguo wa kisa. Mimi nayaona kama mizigo ya kawaida ya mwanamume. Watu hufilisika na kupoteza sauti kila siku, na marais wanabaki hai.

Niende kwenye usiku wa Novemba 25, 1864, New York. Ndugu watatu wa familia ya Booth walisimama jukwaa moja kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ukumbi wa Winter Garden, kuchangisha fedha za sanamu ya Shakespeare. Mchezo ulikuwa Julius Caesar. Wengi wetu tuliosoma sekondari Tanzania tunaujua kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, na darasani kwetu ule mjadala wa Brutus aliyemuua rafiki yake Kaisari, msaliti au shujaa, haukuwahi kuisha kabla ya kengele. Nyumbani kwa akina Booth mjadala huo haukuwa wa darasani. Edwin, aliyekuwa ametoka kumpigia kura Lincoln, alicheza Brutus. Junius, kaka mkubwa, alicheza Cassius. John akapewa Mark Antony, mtu anayeililia maiti ya Kaisari. Mama yao alikuwa ukumbini. Katikati ya onyesho zikasikika kelele za moto: mawakala wa Kusini walikuwa wamewasha hoteli kadhaa za mji, mojawapo jirani kabisa na ukumbi. Edwin akasogea mbele ya jukwaa, akawatuliza watu, mchezo ukaendelea.

Baadaye Edwin aliandika kwamba alipomwambia mdogo wake kura yake aliipeleka wapi, John alisikitika sana, akasema Lincoln atafanywa mfalme wa Marekani. Mfalme! Mtu aliyechaguliwa mara mbili. Lakini kwa kijana aliyeitwa Wilkes, mwana wa Brutus, rais hakuweza kuwa mwanasiasa tu usiyekubaliana naye. Ilibidi awe Kaisari, la sivyo mchezo haupo.

Njama yenyewe nitaipitia haraka. Kwanza ilikuwa ya kumteka Lincoln, kumpeleka Richmond na kumbadilisha na mateka wa Kusini. Booth alikusanya vijana: rafiki wawili wa utotoni, karani wa duka la dawa, mtengeneza magari ya farasi, askari aliyejeruhiwa vitani, mtoto wa mjane mwenye nyumba ya kupangisha. Siku waliyopanga kuteka, Machi 17, 1865, rais hakupita njia waliyoivizia. Wakati huo Booth alikuwa mchumba wa siri wa Lucy Hale, binti wa Seneta John P. Hale, mmoja wa wapinzani wakongwe wa utumwa bungeni. Kwa msaada wa binti huyo alipata nafasi kwenye sherehe ya kuapishwa Lincoln Machi 4. Tafsiri yoyote utakayompa mtu huyu, ihifadhie nafasi hiyo.

Aprili 9 Jenerali Lee wa jeshi la Kusini akasalimu amri. Siku mbili baadaye Lincoln alihutubia umati kutoka dirisha la Ikulu, hotuba ya mambo ya utawala, kavu kwa kweli, na ndani yake akasema angependa watu weusi walioelimika, na wale waliopigana kama askari, wapewe kura. Booth alikuwa amesimama chini katika umati. Akamgeukia mwenzake, akasema maana yake ni uraia kwa weusi, isipokuwa neno alilotumia lilikuwa tusi na sitaliandika hapa. Akaongeza kwamba hiyo ndiyo hotuba ya mwisho mtu yule atakayotoa.

Ijumaa Kuu, Aprili 14, alipita Ford's mchana kuchukua barua, akasikia rais anakuja usiku huo. Mchezo ni Our American Cousin, vichekesho alivyovijua mstari kwa mstari. Alikodi farasi. Kisha akakutana barabarani na mwigizaji mwenzake, John Matthews, akampa bahasha iliyofungwa, akamwomba aipeleke gazetini kesho yake. Ndani alikuwa ameeleza kwa nini. Kabla ya kuua, Booth alishughulikia uhakiki wa onyesho lake.

Alijua sekunde ya kuingia. Kuna mahali katika mchezo ule ambapo mwigizaji mmoja tu hubaki jukwaani, hutoa kijembe kwa mama mmoja, na ukumbi mzima huangua kicheko. Booth alikuwa tayari nyuma ya rais, mlango wa nje ameshauzuia kwa kipande cha ubao. Kicheko kikapanda, akafyatua bastola ndogo ya risasi moja. Meja Rathbone, mgeni wa rais, akamrukia, akakatwa mkono kwa kisu. Booth akapanda ukingo wa roshani, akaruka chini zaidi ya mita 3. Kifaa cha kisigino cha kuchochea farasi kikanasa bendera iliyopamba roshani, akatua vibaya. Akanyanyuka, akaunyoosha uso kwa watazamaji, akatamka kwa Kilatini kauli mbiu ya jimbo la Virginia: hivyo ndivyo iwe daima kwa madikteta. Akavuka jukwaa, akatokea mlango wa nyuma. Baadhi ya watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Hakuna aliyepiga makofi. Kilichofuata ni ukelele wa Mary Lincoln.

Rais alifariki asubuhi, saa 1 na dakika 22, nyumba ya kupangisha ng'ambo ya barabara.

Booth alikimbia siku 12 akiwa na David Herold, yule karani wa dawa, na mfupa wa mguu wa kushoto umevunjika. Siku kadhaa walijificha katika kichaka cha misonobari Maryland, hawawezi kuwasha moto, askari wanapita barabarani. Mtu wa eneo lile, Thomas Jones, aliwaletea chakula kwa siri. Booth aliomba chakula na magazeti. Hebu mwone: mguu umevimba, nguo zimeloa, anafungua gazeti baada ya gazeti akitafuta barua yake. Haikuwepo. Matthews alikuwa ameifungua usiku ule ule, akasoma, akatetemeka, akaitupa motoni. Na alichokikuta magazetini kilimchanganya zaidi: alilaaniwa kila upande, hata na watu aliodhani aliwafanyia kazi.

Akachukua kitabu kidogo cha mfukoni akaanza kujihakiki mwenyewe. Alisema magazeti yamekosea, kwamba alipiga kwa ujasiri, akapita katikati ya marafiki elfu moja wa rais. Alilalamika kwamba anawindwa kama mbwa kwa kufanya lile lile lililompa Brutus heshima na kumfanya William Tell wa hadithi za Uswisi shujaa. Baada ya Mto Potomac, daktari mmoja tajiri wa Virginia aliwapa chakula lakini akakataa kuwalaza. Booth akamwandikia barua ya kumsimanga, akanukuu maneno ya Lady Macbeth kwamba kiungo cha chakula ni ukarimu, akaambatanisha dola 2 na nusu kulipia mlo.

Barua hiyo aliiandikia wapi? Katika kibanda cha William Lucas, mkulima mweusi aliye huru. Booth na Herold walifika kwake usiku, Lucas akasema mkewe anaumwa na nyumba ina chumba kimoja. Booth akatoa kisu, akamuuliza mzee anakionaje. Familia ikalala nje. Asubuhi mwana wa Lucas akawasafirisha kwa gari lao la farasi. Kwa hiyo yule aliyelia kwamba nchi imekosa ukarimu alikuwa amelala kitandani pa watu aliowafukuza kwa kisu, akiwa na Shakespeare kichwani. Sijawahi kukuta maelezo ya Booth yanayomshinda huyo Lucas, na ushahidi wake aliutoa mwenyewe kwa maofisa mwezi uliofuata.

Aprili 26, kabla ya alfajiri, wapanda farasi walizingira banda la kukaushia tumbaku katika shamba la akina Garrett, karibu na Port Royal. Herold akajisalimisha. Booth alianza mazungumzo marefu gizani, akimwomba kamanda arudishe watu wake nyuma hatua kadhaa ili atoke apigane nao kwa heshima. Wakawasha moto. Sajini Boston Corbett akampiga risasi ya shingo kupitia mwanya wa mbao. Alikufa baada ya saa chache barazani, akiagiza mama aambiwe kwamba amekufa kwa ajili ya nchi yake. Aliomba ainuliwe mikono iliyopooza aitazame, akasema, "Bure, bure." Mfukoni mwake walikuta picha za wanawake watano, mmoja akiwa Lucy Hale.

Wanne wa njama ile walinyongwa Julai 7. Familia ikabebeshwa lake. Edwin aliapa hatapanda jukwaa tena, lakini madeni hayakumwacha, na Januari 3, 1866 alirudi Winter Garden kama Hamlet. Watu walisimama wakamshangilia kwa muda mrefu kiasi kwamba mchezo haukuweza kuendelea. Makofi yalikwenda kwa Booth wa kura ya Lincoln. Dada yao Asia alihamia Uingereza, akaandika kumbukumbu za kaka yake kwa siri, na zikachapishwa mwaka 1938, nusu karne baada ya kifo chake. Ndani yake kuna John mpole, anayependa maua na farasi. Kuna pia John kijana anayekataa vibarua wa shambani wale meza moja na mama yake na dada zake.

Asia huyo huyo alikuwa na bahasha nyingine, aliyoachiwa na John kabla ya yote. Baada ya mauaji ikafunguliwa, na gazeti moja la Philadelphia likaichapa siku chache baadaye, Booth akiwa bado kichakani. Kwa hiyo uhakiki wake ulitoka hatimaye, nadhani bila yeye kuuona. Wanaomwita kichaa kama baba yake, au msanii mwenye wivu kwa kaka, waisome. Haina njiwa wala mafuta ya Pennsylvania. Inasema nchi ile iliundwa kwa ajili ya mzungu, si kwa mtu mweusi, na kwamba utumwa ulikuwa moja ya baraka kubwa. Sentensi zake zimenyooka, na chini ametia saini: Mkusini, anayetimiza wajibu kwa hiari yake mwenyewe, J. Wilkes Booth.